Maisha ya Muhammed Said Abdulla, Mtungaji wa Bwana Msa



Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma maisha ya watakatifu, na ya maaskofu na mapadre waliolima shamba la Bwana katika Bonde na Uzigua. Mwezi huu tunaomba ruhusa yenu tueleze maisha ya mtu wa namna nyingine. Hakuwa padre wala katekista. Alikuwa Mwislamu wa Unguja, bwana afya, kisha mhariri wa magazeti, na mwishowe mtungaji wa hadithi za upelelezi. Jina lake ni Muhammed Said Abdulla. Wengi wetu tulisoma vitabu vyake tulipokuwa shuleni. Huenda jina lake limetutoka, lakini jina la mtu aliyemtunga, Bwana Msa, twalikumbuka kama jina la jirani.

Tunayo sababu ya kumweleza. Kila mmoja wetu hapa Chanika amewahi kukaa msibani akaona jambo hili: marehemu hajazikwa bado, na tayari jina la mtu limekwisha kutajwa. Hulitaja mtu mmoja kwa sauti ya chini, mwingine hulipokea, na kabla ya arobaini jina hilo limefika vijiji vitatu. Mara nyingi ni jina la mama mzee, mjane, asiye na mtoto wa kumtetea. Hakuna aliyemwona akifanya lolote. Muhammed Said Abdulla hakuhubiri juu ya jambo hili, maana hiyo haikuwa kazi yake. Lakini alitumia kalamu yake kuwazoesha wasomaji wa Kiswahili kuuliza kwanza nani aliona, kabla ya kusema nani ametenda. Kwa hiyo tunaona ni haki tumkumbuke.

Kuzaliwa kwake na kazi yake ya kwanza

Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Makunduchi ni mji wa kale, nao unajulikana mbali kwa sherehe yake ya Mwaka Kogwa. Watu wa upande ule wana mizimu yao, yaani mahali pa mapango, miti mikubwa au magofu, ambapo wazee walikwenda kuomba na kutambika. Sisi Wazigua hatuhitaji kuelezwa sana habari hizo, kwa kuwa na sisi tunayo matambiko yetu, na mahali ambapo wazee wetu walitukataza kukata hata kuni. Basi mtoto huyu alikulia katika nchi ambayo mambo yaonekanayo na yasiyoonekana yalikaa pamoja katika mazungumzo ya kila siku.

Alimaliza masomo yake mwaka 1938. Akaingia kazini katika Idara ya Afya akiwa mkaguzi, akaifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka kumi. Wazee wanakumbuka bwana afya wa siku zile alikuwa mtu wa namna gani. Alipita nyumba kwa nyumba, akachungulia mitungi na mapipa kama yana viluwiluwi vya mbu, akatazama vyoo na visima, akauliza nani ameugua na tangu lini. Watu wengine walimkimbia. Lakini kazi ile ina fundisho ndani yake. Watoto wa nyumba moja wakiharisha wote, mwingine atasema wamerogwa, na bwana afya atauliza wanateka maji wapi. Hatuwezi kuingia moyoni mwa mtu tusiyemjua, lakini tukisoma vitabu alivyoandika baadaye, hatushangai kusikia kwamba mwandishi wake alikuwa kwanza bwana afya.

Kuingia katika magazeti

Mwaka 1948 aliiacha kazi ya afya akawa mhariri wa gazeti lililoitwa Zanzibari. Katika miaka iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, wa Al Mahda, na wa Afrika Kwetu.

Hapa inatupasa kusimama kidogo, kwa sababu majina hayo yana maana kubwa kwa anayezijua habari za Visiwani. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu lilikuwa gazeti lililosimama upande wa Waafrika. Miaka ile ya 1950 siasa za Unguja zilikuwa zikipanda moto. Mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishtakiwa na serikali ya Waingereza kwa maneno yaliyochapwa katika Al Falaq. Mwaka 1957 ulifanyika uchaguzi wa kwanza, na tangu hapo watu wa mtaa mmoja walianza kubaguana dukani, kisimani na hata mazikoni. Mwezi Juni 1961 zikatokea ghasia za uchaguzi, na watu 68 wakafa. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964.

Mtu aliyefanya kazi katika magazeti ya pande zote mbili aliziona tuhuma zikitengenezwa, kwa maana dawati la mhariri ndipo zinapopitia. Huyu huleta habari kwamba fulani amefanya hivi, na yule huleta habari ya kuikanusha. Mhariri mwema hana budi kuuliza habari hiyo imetoka kwa nani, na huyo aliyeileta alikuwako au alisimuliwa tu.

Mwaka 1958 alifanywa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo. Alikaa hapo miaka kumi, mpaka alipostaafu mwaka 1968. Serikali ilibadilika, bendera zikabadilika, naye aliendelea na gazeti la wakulima.

Hadithi za upelelezi zilitoka wapi

Kabla hatujaendelea, tuwakumbushe wasomaji kwamba hadithi za namna hii zililelewa na magazeti. Mmarekani Edgar Allan Poe alichapa hadithi yake ya kwanza ya upelelezi katika gazeti la huko Philadelphia mwaka 1841. Baadaye huko Uingereza daktari mmoja, Arthur Conan Doyle, alimtunga mpelelezi Sherlock Holmes. Kuanzia mwaka 1891 hadithi za Holmes zilitoka katika gazeti la kila mwezi liitwalo Strand, na watu wakawa wanalingojea kama watu wanavyongojea mvua. Mwaka 1893 Doyle alichoka na mtu wake akamwua katika hadithi. Wasomaji walikasirika sana, na wengi waliacha kulinunua gazeti hilo. Ilipofika Agosti 1901 Holmes alirudi katika hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande, ikatolewa kidogo kidogo kila mwezi mpaka Aprili 1902. Kila kipande kiliachwa mahali penye mashaka, msomaji asiwe na raha mpaka apate kipande kingine.

Mwingine alikuwa Edgar Wallace, ambaye alipokuwa mtoto maskini aliuza magazeti katika njia za London. Mwaka 1905 alitoa hadithi yake ya kwanza ya namna hii bila kuifungua siri yake, akatangaza zawadi ya paundi 500 kwa wasomaji watakaoweza kuifumbua. Wengi mno wakapata jibu sahihi, naye akaingia katika madeni makubwa kwa kuwalipa. Wahariri wa siku zile walijua kwamba siri isiyofumbuliwa huuza gazeti kuliko tangazo lolote.

Na sisi hatukuwa nyuma katika kupenda magazeti. Kanisa letu, enzi ya Wamisionari wa UMCA, lilichapa Msimulizi huko Kiungani tangu mwaka 1888, na Habari za Mwezi huko Magila katika miaka ya 1890. Mambo Leo, gazeti la serikali, lilianza Dar es Salaam mwaka 1923. Gazeti moja lilisomwa na mtu mmoja kwa sauti, na kumi wakasikiliza. Hata hivyo hadithi ya upelelezi iliyotungwa kwa Kiswahili, yenye watu wetu, chakula chetu na mashaka yetu, ilikuwa haijapata mtu wa kuisimamisha.

Mzimu wa Watu wa Kale

Mtu huyo alipatikana kwa njia ya mashindano. Mwaka 1948 ilianzishwa huko Nairobi ofisi ya kutoa vitabu kwa nchi za Afrika ya Mashariki, East African Literature Bureau. Katika mashindano yake ya kutunga hadithi kwa Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, Muhammed Said Abdulla alipata zawadi ya kwanza. Hadithi yake ikachapwa kuwa kitabu mwaka 1960, nacho kikaitwa Mzimu wa Watu wa Kale. Mtungaji alikuwa na umri wa miaka 42.

Katika kitabu hicho tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa ameuawa mahali penye mzimu. Mahali penyewe panatosha kumfunga kila mtu kinywa. Nani atakwenda kuuliza maswali kwenye mzimu? Ni rahisi zaidi kusema kwamba wazee wa kale wamekasirika, kisha watu warudi majumbani wafunge milango. Lakini yuko mtu mmoja asiyetaka kufunga mlango. Huyo ni Bwana Msa. Hana cheo cha polisi. Ana kiko chake mdomoni, ana rafiki yake Najum, na ana subira. Inspekta Seif, ambaye ndiye mwenye kazi, naye yumo. Bwana Msa hutazama vitu ambavyo wengine wamevipita, huuliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi, hukaa kimya wengine wanapobishana, na mwishowe huonyesha kwamba aliyeua ni mtu, mwenye sababu za kibinadamu. Ni nani huyo, hatutasema hapa. Asiyekisoma kitabu akitafute.

Wajuzi wa vitabu wamesema kwamba Bwana Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes, na ni kweli. Kiko ni kile kile, na Najum amekaa mahali pa Daktari Watson. Lakini hakuna msomaji aliyemdhania Bwana Msa kuwa Mzungu. Ni mtu wa Unguja kabisa, kwa mzaha wake, kwa methali zake, na kwa kujua kwake kwamba katika mji mdogo siri nyingi zimo ndani ya nasaba na ndoa. Holmes hutazama majivu ya tumbaku. Bwana Msa hutazama nani ni shangazi ya nani.

Na tuangalie jambo moja, tusije tukamsingizia marehemu. Hakuwacheka wazee wetu wala hakuwadharau wenye mila zao. Alichoonyesha ni kwamba mwovu anaweza kujificha nyuma ya hofu ya watu. Mwuaji akijua kwamba watu watasema ni mzimu, basi mzimu umekuwa nguo yake ya kujifunikia.

Vitabu vilivyofuata

Mwaka ule ule aliostaafu, yaani 1968, kilitoka kitabu chake cha pili, Kisima cha Giningi. Giningi katika masimulizi ya Visiwani ni mji wa wachawi, kwa hiyo hapa tena mtungaji alilishika lile lile linalowatisha watu akaliweka mbele ya akili. Kisha baada ya kustaafu alifanya kazi kama kijana. Mwaka 1973 kilitoka Duniani Kuna Watu, mwaka 1974 Siri ya Sifuri, mwaka 1975 Mke Mmoja Waume Watatu, na mwaka 1976 Mwana wa Yungi Hulewa. Vitabu vinne katika miaka minne! Wasomaji wake walingojea kitabu baada ya kitabu kama wale wa Uingereza walivyongojea gazeti lao la kila mwezi.

Baada ya hapo ilipita miaka minane. Mwaka 1984 kilitoka Kosa la Bwana Msa. Jina hilo peke yake linatufurahisha. Mtungaji aliyekuwa amemsifu mtu wake kwa zaidi ya miaka 20 alikubali kuandika juu ya jalada kwamba hata yeye aweza kukosa.

Nyuma yake walikuja watungaji wengine wengi. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Kisha hadithi za polisi, majasusi na majambazi zikaenea katika vitabu vidogo na katika kurasa za magazeti yetu, kipande kwa kipande, kila kimoja kikiishia kwenye lile neno tunalolijua sote, itaendelea. Wengi wa hao walipenda bastola na mbio za magari. Mzee wa Makunduchi alipenda maswali, na Kiswahili chake kimebaki ni cha kusomwa polepole, kama mtu anavyokunywa kahawa barazani.

Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka sabini na kitu.

Tunajifunza nini

Huenda mtu akauliza, mambo haya yanalihusu nini gazeti la kanisa. Tunamjibu kwamba afungue Biblia yenye vitabu vya Deuterokanoni, asome habari za Danieli na Susana. Wazee wawili wenye heshima walimshtaki mwanamke asiye na hatia, na watu wote waliamini kwa sababu washitaki walikuwa wazee. Kijana Danieli hakupiga ramli. Aliwatenga wale wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani alimwona Susana. Mmoja akataja mti huu, na mwingine akataja mti mwingine. Uongo ukajitokeza wenyewe, na Susana akaokoka. Soma tena habari za sanamu ya Beli, ambayo makuhani walisema inakula chakula kila usiku. Danieli akatandaza majivu sakafuni, mlango ukafungwa, na asubuhi zikaonekana nyayo za makuhani, za wake zao na za watoto wao. Mwingereza Dorothy Sayers, mtungaji maarufu wa hadithi za upelelezi na binti wa padre wa Kanisa letu la Anglikana, alipokusanya hadithi za namna hii katika kitabu mwaka 1928 alizitia na hizo mbili. Basi Bwana Msa ana babu yake ndani ya Maandiko.

Na sheria ya nchi nayo inasema. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, inafanya kuwa kosa kumsingizia mtu kwamba ni mchawi. Lakini sheria hukaa mbali, na maneno ya msibani yako karibu. Wapiga ramli wanaijua njia ya kuja kwetu. Tuseme fedha za kikundi cha akina mama zimepotea. Mmoja atasema aitwe mtaalamu aje amtaje mwizi. Atakuja, atakula kuku wetu, atamtaja mtu, na kwa kawaida atamtaja yule ambaye mioyo yetu ilikuwa imekwisha kumchukia. Fedha hazitarudi, na jirani atakuwa amepotea pamoja nazo. Bwana Msa angefanya nini? Angeketi, angewasha kiko chake, angeuliza nani alikuwa na ufunguo, lini fedha zilihesabiwa mara ya mwisho, na nani alikuwapo. Maswali hayo hayana gharama ya kuku hata mmoja.

Wako kati yetu wanaojua uchungu wa kusingiziwa. Wako akina mama waliohama vijiji vyao usiku, wakaacha mihogo shambani na makaburi ya watoto wao. Katika nchi yetu wako wazee waliouawa kwa panga kwa ajili ya maneno kama hayo, hasa katika mikoa ya Usukumani. Waliowaua hawakuwa wageni. Walikuwa watu waliowajua kwa majina, na aghalabu ukoo mmoja nao.

Basi tunawaomba, ndugu zetu, mmoja mmoja. Siku itakapofika, nayo itafika, ambapo utakaa msibani na jina la mtu litatajwa karibu na sikio lako, usilipokee, usilipitishe. Uliza kwa upole, bila ugomvi, ni nani aliyeona. Kama hakuna aliyeona, basi neno hilo na lizikwe pale pale. Na kama marehemu aliugua, mwulize mganga mkuu wa zahanati aliugua nini, kwa sababu huenda ugonjwa huo ungali nyumbani na unamngojea mtoto mwingine.

Mwenye kitabu cha Bwana Msa kabatini na akilete parokiani, tukipokezane. Tukisome kwa sauti baada ya mazoezi ya kwaya, kipande kimoja kila juma, na mwisho wa kila kipande tuseme itaendelea. Watoto wetu watacheka na kuogopa, na humo humo watajifunza kuuliza.